Vita isiyoitwa vita

Jumapili ile ya Juni 22, 2025 kijiwe chetu cha kahawa hapa Magomeni hakuna aliyegusa drafti. Watu wameamka, wamefungua simu, wanakuta Marekani imeshapiga vituo vya nyuklia vya Iran usiku, Fordow, Natanz na Isfahan, ndege zimeshaondoka, rais wao Trump ameshahutubia, yani kilichobaki ni sisi kubishana tu huku kahawa inapoa. Dogo mmoja anayetengeneza simu pale jirani akauliza, "Kwani kule hawana bunge?" Watu wakacheka. Ila kuna mzee pale tunamwita Kamanda, maana alikwenda vita ya Kagera, yeye hakucheka, akashusha kikombe akasema, "Mwanangu, na sisi tulipoondoka kwenda kumtoa Amin, nani alikuambia tulisubiri kura? Mimi nilichosikia ni redio."

Kijiwe kikawa kimya kidogo. Mimi nikaondoka na hayo maswali mawili kichwani, na kwa kuwa ni mtu ambaye jambo likinikaa silali, nikaanza kusoma, na nilichokuta ni kwamba jibu la dogo ni ndiyo, wana bunge, tena kwenye karatasi ni bunge kali kuliko mengi, na bado mabomu yanadondoka bila kulipitia. Inawezekanaje? Hapo ndipo penye utamu.

Tuanze na karatasi. Katiba ya Marekani iliandikwa 1787 pale Philadelphia na watu waliotoka kupigana na mfalme wa Uingereza, na moja ya vitu walivyochukia kwa wafalme ni kwamba mfalme akikasirika yeye, wanaokufa ni watoto wa wengine na wanaolipa kodi ni wengine. Kwa hiyo wakagawa madaraka. Kutangaza vita, kuunda jeshi na kutoa hela ya jeshi wakaipa Kongresi, yani bunge lao lenye nyumba mbili, Baraza la Wawakilishi na Seneti. Rais akapewa uamiri jeshi mkuu. Halafu hela ya jeshi la nchi kavu wakaiwekea kikomo, haitengwi kwa zaidi ya miaka 2 kwa mkupuo mmoja, ili wanajeshi warudi kila mara kuomba na kujieleza. Mtu yeyote aliyewahi kuwa mhazini wa kikoba ataielewa hiyo akili bila kufundishwa.

Sasa kuna kaneno kamoja. Rasimu ya mwanzo ilisema Kongresi ndiyo itakayo"fanya" vita. Agosti 17, 1787 wajumbe wawili, James Madison na Elbridge Gerry, wakapendekeza neno libadilishwe liwe "kutangaza", hoja yao ni kwamba rais abaki na nafasi ya kuzima shambulio la ghafla, maana adui akishashuka ufukweni huwezi kumwambia subiri kwanza wabunge wapande farasi waje. Inaeleweka kabisa. Waliacha kamlango kadogo ka dharura, mtu apite kwa ubavu. Miaka ya karibuni marais wanapita mle mle na malori.

Angalia hesabu. Tangu katiba hiyo ianze mpaka leo, vita ambazo Kongresi imezitangaza rasmi ni 5 tu: ile ya 1812 na Uingereza, ya Mexico 1846, ya Hispania 1898, na Vita Kuu zote mbili. Tangazo la mwisho kabisa ni la Juni 1942, dhidi ya Bulgaria, Hungary na Romania. Baada ya hapo hakuna. Korea haikutangazwa, Vietnam haikutangazwa, Iraq haikutangazwa, Afghanistan miaka 20 haikutangazwa. Ukiifuata sheria kwa neno lake, Marekani haijaingia vita mpya tangu 1942, jambo ambalo ukimwambia mtu wa Baghdad atakuomba urudie.

Aliyefungua njia ni Rais Truman. 1950 Korea Kaskazini ilipovuka kwenda Kusini yeye akapeleka jeshi bila kwenda Kongresi, akaegemea maazimio ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, na alipoulizwa na waandishi akakubali iitwe operesheni ya kipolisi. Wamarekani zaidi ya 30,000 walikufa kwenye hiyo operesheni ya kipolisi, na Wakorea idadi yao huko ni malaki kwa malaki. Nadhani hapo ndipo marais waliofuata walipojifunza somo lenyewe, kwamba sheria imefungwa kwenye neno "vita", basi dawa ni kutolitamka.

Vietnam ilikuwa tofauti kidogo, na kwa maoni yangu ni ya aibu zaidi, kwa sababu pale Kongresi iliulizwa na ikajibu kama mtu aliyesinzia kwenye kikao. Agosti 1964 serikali ya Rais Johnson ilisema meli zake zimeshambuliwa mara mbili kwenye ghuba ya Tonkin. La Agosti 2 lilikuwa la kweli, la Agosti 4 baadaye ikaja kujulikana kwamba halikutokea. Ila Agosti 7 azimio lilikuwa limeshapita la kumruhusu rais achukue hatua zote atakazoona zinafaa, Wawakilishi kura 416 kwa 0, Seneti 88 kwa 2. Hao wawili, Wayne Morse na Ernest Gruening, kwenye uchaguzi uliofuata 1968 wote walipoteza viti. Wamarekani zaidi ya 58,000 wakafa. Na kuanzia 1969 Rais Nixon akawa anapiga mabomu Kambodia kwa siri, yani siyo kwamba bunge halikukubali, halikuambiwa kabisa.

Ndiyo maana 1973 Kongresi ikaamka na hasira. Wakatunga sheria inayoitwa Azimio la Madaraka ya Vita, Nixon akaipiga veto, yani akakataa kuisaini, Oktoba 24, na Novemba 7 wakaipitisha juu ya kichwa chake kwa theluthi mbili, 284 kwa 135 Wawakilishi na 75 kwa 18 Seneti. Ilisaidia kwamba Nixon wakati ule alikuwa hoi na kashfa ya Watergate, maana mwezi huo huo wa Oktoba alikuwa ametoka kumfukuza mwendesha mashtaka aliyekuwa anamchunguza. Rais mwenye nguvu asingebanwa hivyo.

Sheria yenyewe ukiisoma ni nzuri, inaeleweka hata kwa mtu asiye mwanasheria. Rais akipeleka wanajeshi kwenye mapigano bila tangazo la vita, ana saa 48 kupeleka taarifa ya maandishi kwa viongozi wa Kongresi. Kuanzia hapo zinahesabiwa siku 60. Kongresi ikiwa haijatoa kibali ndani ya hizo 60, wanajeshi watoke, na kama kutoka kunahitaji muda kwa usalama wao anaongezewa 30. Tena wakaweka breki nyingine, kwamba muda wowote nyumba zote mbili zikipitisha azimio kwa wingi wa kawaida tu, bila sahihi ya rais, majeshi yarudi.

Safi, si ndiyo? Sasa tuone ilivyotobolewa.

Tobo la kwanza ni la barua. Hizo siku 60 zinaanza kuhesabiwa kwa taarifa ya aina fulani, ile inayotaja kifungu cha mapigano. Marais wakagundua kwamba ukiandika "natoa taarifa hii kwa mujibu wa sheria" umejifunga, lakini ukiandika "sambamba na sheria" umeheshimu bila kujifunga. Basi tangu 1973 zimeandikwa barua nyingi mno za "sambamba na". Iliyotaja kifungu chenyewe cha kuanzisha saa ni moja tu, ya Rais Ford 1975, ile ishu ya meli ya Mayaguez kukamatwa na Kambodia, na barua inafika Kongresi operesheni imeshakwisha. Ni kama mpangaji anayemwandikia mwenye nyumba kwamba "nimesikia kuna kodi".

Tobo la pili mimi lilinishangaza, kwa sababu limetokea kwetu huku, au tuseme karibu na kwetu. Kuna kijana wa asili ya Kihindi aliyezaliwa Kenya, Jagdish Chadha, alikwenda kusoma Marekani, visa ikaisha, na baada ya uhuru Kenya haimtambui kama raia wake na Uingereza nayo inamzungusha, kwa hiyo hana pa kurudi. Afisa wa uhamiaji akamruhusu abaki, halafu nyumba moja ya Kongresi ikatumia madaraka yake kufuta ule uamuzi. Akaenda mahakamani, kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu, na Juni 1983 akashinda, mahakama ikasema Kongresi haiwezi kutengua jambo kwa azimio lisilopelekwa kwa rais akasaini au akakataa. Sasa ile breki ya vita ya 1973 ilikuwa ni azimio la aina hiyo hiyo. Kesi ya visa ya kijana kutoka Afrika Mashariki ikaenda nayo.

Matokeo yake siku hizi Kongresi ikitaka kumwambia rais rudisha jeshi, lazima ipitishe azimio linaloenda mezani kwake, naye analipiga veto, na kuivuka veto unahitaji theluthi mbili kwenye nyumba zote mbili. Iliwahi kujaribiwa kweli, tena siyo kwa mchezo. 2019 wakapitisha azimio la kuacha kuisaidia Saudi Arabia kwenye vita ya Yemen, Seneti 54 kwa 46, Wawakilishi 247 kwa 175, Trump akapiga veto Aprili 16, Seneti ikajaribu kuivuka Mei 2 ikapata 53 kwa 45. Haitoshi. 2020 ikawa vilevile kuhusu Iran baada ya Marekani kumuua Jenerali Soleimani wa Iran, azimio likapita, veto, likafa. Na 2025, siku tano baada ya ile Jumapili ya kijiweni, Seneti ilipiga kura kuhusu Iran na azimio halikufika hata kwa rais, 47 kwa 53.

Hebu ligeuze hilo kichwani uone lilivyokaa. Wale wa 1787 walitaka kuingia vitani kuwe kugumu, lazima wengi wakubali kwanza. Sasa hivi rais anaingia mwenyewe, na ili kumtoa unahitaji theluthi mbili za kila nyumba, maana yake akiwa na theluthi moja na ushee ya wafuasi kwenye nyumba moja tu, hata kama nchi nzima imechoka, anaendelea.

Tobo la tatu ni maneno, na hapa bingwa ni Obama, mwanasheria wa katiba mwenyewe. Machi 19, 2011 alianza kuipiga Libya pamoja na wenzake wa NATO. Siku 60 zikafika Mei, Kongresi haijatoa kibali, mabomu yanaendelea. Wanasheria wake wakaja na hoja kwamba sheria inazungumzia "mapigano", na yale hayakuwa mapigano kwa maana ya sheria, kwa kuwa hakuna wanajeshi wa Marekani waliokanyaga ardhini kupigana, hatari kwao ni ndogo na operesheni ina mipaka. Yani ukipiga mtu ambaye hawezi kukupiga, hampigani. Oktoba 20 Gaddafi akauawa. Na Dodoma pale kuna msikiti mkubwa una jina lake, wakati huo huo kina Kamanda wanakumbuka kwamba 1979 alileta askari wake kumsaidia Amin dhidi yetu, kwa hiyo siku ile watu hapa mjini walikuwa na hisia za aina zote, nisiingie huko.

Kabla sijaja nyumbani kuna mambo mawili ya Marekani ambayo sisi watu wa Dar yanatugusa.

La kwanza ni 1998. Wa rika langu tunakumbuka ile Ijumaa asubuhi, Agosti 7, bomu la ubalozi wa Marekani, wengine tulidhani ni tangi la mafuta limelipuka bandarini. Watu 11 walikufa hapa, na Nairobi siku hiyo hiyo zaidi ya 200. Agosti 20 Clinton akarusha makombora Afghanistan na Sudan, kule Khartoum yakapiga kiwanda cha dawa cha al-Shifa, ambacho ushahidi kwamba kilikuwa kinatengeneza kemikali za sumu umebishaniwa mpaka leo. Kongresi haikupiga kura. Ilipelekewa barua kesho yake. "Sambamba na", bila shaka. Nataka kusema tu kwamba vifo vya watu wetu vilikuwa sehemu ya sababu, na bunge letu wala lao hakuna lililoulizwa kama Khartoum ipigwe.

La pili ni yale maneno 60. Baada ya Septemba 11, 2001 Kongresi ilitoa kibali cha kutumia nguvu dhidi ya wale waliopanga, kutekeleza au kusaidia yale mashambulizi na waliowahifadhi. Kwa Kiingereza ni sentensi moja ya maneno 60 hivi. Seneti 98 kwa 0, Wawakilishi 420 kwa 1. Huyo mmoja ni Barbara Lee wa California, alitishiwa kuuawa mpaka akawekewa ulinzi. Hoja yake ilikuwa rahisi, kwamba hiki kibali hakina nchi, hakina muda na hakina mwisho. Na ndivyo ilivyokuwa, kibali hicho hicho kimetumika Somalia hapa jirani kurusha droni dhidi ya al-Shabaab, kundi ambalo 2001 lilikuwa halijaundwa. Kisheria likaunganishwa kama kundi shirika la al-Qaeda, wale waliopanga Septemba 11, na 2016 serikali ya Obama ikalitaja rasmi hivyo. Cheki ilitolewa kwa duka moja, inatumika sokoni kote.

Mtu atauliza, mahakama je? Mahakama zinakwepa. 1999 Clinton aliipiga Yugoslavia siku 78 kwa ajili ya Kosovo, na katikati ya vita Wawakilishi wakapiga kura ya kuunga mkono mashambulizi ya anga, ikatoka 213 kwa 213, sare, kwa hiyo halikupita. Mabomu yakaendelea. Wabunge kadhaa wakaenda mahakamani wakaambiwa hawana haki ya kufungua hiyo kesi, kama hamtaki vita tumieni nguvu zenu za kibunge. Majaji hawataki kuwa ndiyo wanaomwambia jenerali zima injini, na kusema kweli siwalaumu sana.

Kitu pekee ambacho nimeona kinauma kweli ni mfuko. Oktoba 1993 pale Mogadishu wanajeshi 18 wa Marekani waliuawa kwenye mapigano ya siku mbili, na Wasomali mamia, Kongresi ikaja juu, na safari hii haikubishana na rais nini maana ya mapigano, ikaandika kwenye sheria ya bajeti kwamba baada ya Machi 31, 1994 hakuna hela ya operesheni ile. Wakaondoka kabla ya tarehe. Na hata hivyo silaha hii wabunge wanaiogopa, maana mpinzani wako kwenye kampeni atasema umewanyima risasi vijana wakiwa uwanjani.

Haya, sasa lile swali la Kamanda.

Katiba yetu ya 1977 ibara ya 44 inasema Rais anaweza kutangaza kuwepo kwa hali ya vita kati ya Jamhuri ya Muungano na nchi yoyote. Anatangaza yeye. Akishatangaza anapeleka nakala kwa Spika, Spika anashauriana na Waziri Mkuu kama kiongozi wa shughuli za serikali bungeni, halafu anaitisha Bunge ndani ya siku 14 lijadili hali na lifikirie kupitisha au kutopitisha azimio la kuunga mkono.

Mimi hiyo naiona kama kamati ya harusi ya hapa mjini. Kijana ameshalipia ukumbi Sinza, ameshatoa advansi ya mapambo, kadi ziko mitaani, ndipo anaita kikao cha kwanza na anasimama kwa unyenyekevu kabisa anasema, "Ndugu zangu, nimewaiteni tushauriane kama tufanye harusi." Nani atanyoosha mkono kusema hapana? Mjomba atatoa laki yake na atapiga makofi. Bunge linaloitwa siku ya 14, wanajeshi wako mpakani, bendera zinapepea, mbunge atakayesema hapana atarudije jimboni? Na ibara yenyewe haisemi kwamba azimio lisipopita basi jeshi lirudi siku fulani. Linganisha na ibara ya 32, ya hali ya hatari. Pale pia Bunge linaitwa ndani ya siku 14, ila inatakiwa theluthi mbili ya wabunge wote, na Bunge lisipounga mkono tangazo linakufa. Yani kutangaza hali ya hatari hapa ndani kumefungwa kwa kamba nene kuliko kutangaza vita na jirani. Kuna mantiki yake, hali ya hatari inagusa haki za wananchi moja kwa moja, lakini vita nayo si inagusa?

Halafu kuna ibara ya 148, ambayo kwa maoni yangu ndiyo kubwa kuliko zote na haitajwi. Inampa Amiri Jeshi Mkuu uwezo wa kuyaamuru majeshi kushiriki shughuli za vita kulinda nchi, kuokoa maisha na mali, na kwa jambo jingine atakaloona linafaa, ndani au nje ya Tanzania. Inasema bila kuathiri sheria iliyotungwa na Bunge, kwa hiyo Bunge likitaka linaweza kutunga sheria ya kuweka masharti, mlango upo. Lakini isome tena ile 44, ni vita na "nchi". Machi 2008 vijana wetu waliingia Anjouan kule Comoro na majeshi ya Umoja wa Afrika kumtoa Mohamed Bacar aliyegoma kuachia kisiwa. Ile haikuwa vita na nchi, tulikuwa tunaisaidia serikali ya Comoro. 2013 tukaingia kwenye ile brigedi ya Umoja wa Mataifa kupigana na waasi mashariki ya Congo, waasi nao siyo nchi. Desemba 7, 2017 kule Semuliki wanajeshi wetu 14 waliuawa usiku mmoja, wengi tunakumbuka majeneza yalivyoletwa hapa Dar. Hakuna tangazo la vita na halikuhitajika, ilikuwa ulinzi wa amani, kwa sheria ni sawa kabisa. Mama aliyepokea jeneza hilo neno halimsaidii kitu.

Majirani wametunga zao tofauti. Uganda, labda kwa sababu wanajua rais mwenye bunduki anaweza kufanya nini, katiba yao ya 1995 ibara ya 124 inataka Bunge likubali kwanza, kwa theluthi mbili ya wabunge wote, na kama hali hairuhusu kusubiri basi rais anatangaza na anakwenda kuomba kibali ndani ya saa 72. Siyo siku 14, saa 72. Kenya kwenye katiba ya 2010 Rais anatangaza vita kwa idhini ya Bunge, na hata kupeleka majeshi nje kwa ulinzi wa amani nako kunahitaji idhini. Karatasi tamu. Lakini Oktoba 2011, katiba ina mwaka mmoja na kidogo, jeshi la Kenya likavuka kuingia Somalia, na serikali ikasema inajilinda, inafuata ibara ya 51 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa. Uganda nao Desemba 2013 wakaingia Sudan Kusini, Bunge likaombwa Januari 2014 likiwa limeshakuta jeshi liko kule, likapitisha. Unaona sasa, kila mtu ana ukumbi wake wa Sinza.

Kuna tukio moja limenivuruga nadharia yangu na itabidi niliseme. Uingereza haina sheria yoyote inayomlazimisha waziri mkuu aombe bunge kabla ya vita, ni madaraka ya kale ya mfalme yanayotumiwa na serikali. Ila tangu waziri mkuu Blair aliposhinda kura ya Iraq 2003, 412 kwa 149, na vita ile ikageuka balaa, kukawa na desturi kwamba tuulizane kwanza. Agosti 29, 2013 waziri mkuu Cameron akauliza bunge kuhusu kuipiga Syria, akashindwa, 285 kwa 272. Akasimama pale pale akasema ameelewa, na hakupiga. Siku mbili baadaye Obama, yule yule wa "siyo mapigano", akatangaza kwamba na yeye safari hii atakwenda Kongresi kwanza, na mashambulizi hayakufanyika. Kwa hiyo asiye na sheria alizuilika, na mwenye sheria tangu 1973 alizuilika kwa kumwangalia asiye na sheria. Wote wawili kilichowazuia ni kuuliza KABLA, wakati ukumbi haujalipiwa.

Juzi nilirudi kijiweni na ibara ya 44 kwenye simu. Shikamoo Kamanda, marahaba, nikamsomea polepole kama ilivyo leo, mpaka pale kwenye siku 14. Akaniambia rudia, nikarudia. Akaweka kete chini akaanza kuhesabu kwa vidole, kutoka ile siku Mwalimu alipoongea redioni Novemba 2, uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo, tatu, nne, tano, vidole vikaisha akaanza upya.

"Siku ya kumi na nne," akasema, "mimi nilikuwa kwenye treni, tumeshaipita Tabora."

Kisha akala kete zangu mbili.